Printa Ikigoma, Fuata Mfereji

Karatasi ya 53 ilitoka nusu. Ilichungulia mdomoni mwa mashine ikaonyesha neno HISABATI na swali la kwanza, kisha ikagoma pale pale kama mbuzi aliyekataa kuvuka mto. Taa ya rangi ya chungwa ikaanza kunikonyeza. Ilikuwa saa mbili usiku, Jumatano ya mwezi wa Juni, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka migombani. Taa ya jirani ilibaki doa la manjano tu. Asubuhi yake watoto 42 wa Darasa la Saba walikuwa wanakuja kwangu kufanya jaribio, karatasi tatu kila mmoja, jumla 126. Nilikuwa bado nadaiwa 74.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Wakati wa likizo nawafundisha watoto wa majirani masomo ya ziada hapa Yoghoi, kwenye njia ya kutoka Lushoto mjini kwenda Irente. Printa niliinunua kwa kiinua mgongo, na mume wangu mpaka leo anaitaja kwa sauti ya mtu anayemtaja shemeji mkopaji. Lakini kazi imefanya: majaribio, ratiba za mazishi, kumbukumbu za vikao vya VICOBA yetu, barua za vijana wanaoomba ajira. Ukiwa na printa huku mlimani nyumba yako inageuka ofisi ya kata, tofauti ni kwamba hulipwi.

Usiku ule na asubuhi yake nilifanya makosa matatu. Nayasema bila aibu, kwa sababu tangu hapo nimewauliza wenzangu na karibu wote wameyafanya, tena kwa mpangilio huo huo.

La kwanza, nilivuta. Karatasi iliyokwama hutolewa mashine ikiwa imezimwa na waya umechomolewa ukutani, kwa mikono miwili, taratibu, kufuata upande ilikokuwa inaelekea. Printa nyingi zina kimlango cha nyuma kwa kazi hiyo, na watu hukaa nazo miaka bila kukifungua. Mimi nilivuta kwa mkono mmoja kama ninayeng'oa karoti. Ikachanika, na kipande cha ukubwa wa ukucha kikabaki ndani. Kipande kama hicho kinatosha kuilaza mashine nzima. Ndani kuna kijiti chepesi cha plastiki ambacho karatasi hukisukuma inapopita, na hivyo ndivyo mashine inavyojua kuwa karatasi ipo. Kipande kikikiegemea, mashine itakuapia kwamba karatasi imekwama, na wewe utaiapia kwamba haipo, mtabishana mpaka asubuhi. Nilimulika kwa tochi ya simu, nikafungua kile kimlango, nikakitoa kwa kibano cha kutolea miiba. Taa ikatulia.

Hapo hapo umeme ukakatika, muda wa kupepesa macho tu, ukarudi. Sikuutilia maanani.

Kosa la pili: nilibonyeza. Niliiamuru kompyuta ichapishe, kimya. Nikabonyeza tena, kimya. Nikabonyeza kama mtu anayegonga mlango wa mdaiwa. Baadaye nilikuja kuhesabu: mara 11. Nikampigia mtoto wa kaka yangu aliyeko Dar es Salaam.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Mashine imekufa."

"Izime, uiwashe."

Nikaizima, nikaiwasha. Ikanguruma, ikasafisha koo, ikanyamaza.

"Bado."

"Basi shangazi, hiyo ni ya fundi."

Asubuhi niliandika maswali yote ubaoni kwa chaki kama nilivyofanya miaka 31 ya kazi, watoto wakanakili, na hakuna aliyedhurika. Kisha nikafanya kosa la tatu. Nilifunga printa kwenye kanga, nikapanda nayo bodaboda, nimeipakata ubavu kama mtoto anayesinzia, tukateremka kwenda mjini.

Fundi ni kijana niliyemfundisha Darasa la Nne. Aliiweka mezani, akaichomeka kwenye umeme, akatia karatasi moja na kubonyeza kitufe cha kutoa kopi. Ikatoka, safi, bila hata mstari. Akatoa ya pili. Kisha akaniangalia kwa adabu ambayo nilijua nyuma yake kuna kicheko.

"Mwalimu, mashine haina ugonjwa. Anayeumwa yuko huko nyumbani."

Hakunidai hata shilingi. Hasara ilikuwa kwenye kanga. Printa yangu ni ya matangi ya wino, na tangi la wino likilazwa ubavu kwenye kona za barabara yetu hutafuta pa kutokea. Wino mweusi ulikuwa umechora kitu kama ramani ya Ziwa Victoria juu ya maandishi ya kanga. Kwa hiyo, ukilazimika kuibeba mashine ya namna hiyo, ibebe wima, iwekwe sakafuni mwa gari, na kama ina kifungio cha kusafiria, kifunge kwanza. Bodaboda ni ya magunia ya kabichi.

Nilirudi nyumbani nimekasirika, na hasira ndiyo iliyonikumbusha mfereji.

Anayelima mboga kwenye miteremko hii analijua hili. Maji ya bustani hutoka juu, kwenye chemchemi au kijito, yakashuka kwa mfereji yakipita kwa huyu na yule mpaka kwako. Siku yakikata huanzi kuchimba bustani yako eti ardhi imeharibika. Unashika jembe, unapanda juu ukifuata mfereji. Hapa maji yapo? Hapana. Pale juu kwa jirani je? Yapo. Basi kati ya pale na hapa kuna kitu: gogo, tope, au mtu aliyeyageuza usiku yaende kwake. Hutafuti tena mlima mzima, unatafuta hatua 50.

Karatasi unayoichapisha nayo ina mfereji wake. Juu kabisa kuna programu uliyoandikia. Inaikabidhi kazi kwa foleni ya kuchapisha iliyomo ndani ya kompyuta. Foleni inaikabidhi kwa draiva, yaani mkalimani anayegeuza maandishi yako kuwa lugha ya mashine ile. Kisha kazi inasafiri kwa kebo, au hewani kupitia rauta, mpaka kwenye ubongo wa printa. Ubongo unaamuru rola zivute karatasi, na mwisho kabisa wino unaanguka. Printa iliyokufa ghafla, mara nyingi haijafa. Maji yamekatika mahali fulani juu, wewe umeinamia bustani.

Na kitufe cha kopi ndicho kinachoukata mfereji katikati. Kopi haihitaji kompyuta wala rauta. Inaanza na kuishia ndani ya mashine. Printa zisizo na sehemu ya kopi huwa na ukurasa wa majaribio, ambao hutolewa kwa kushikilia kitufe kimoja sekunde kadhaa. Kijitabu kitakuambia kipi. Kopi ikitoka vizuri, acha mashine, panda juu: kebo, rauta, foleni, kompyuta. Kopi isipotoka, acha kompyuta, shuka chini: karatasi, rola, wino. Jambo hili linachukua dakika moja, na lingeniokoa na safari, na kanga, na kile kicheko.

Basi usiku wa pili nilipanda. Kebo sikuwa nayo, nilikuwa natumia waifai. Rauta ilikuwa inawaka taa zake zote, kompyuta inapata intaneti, lakini kwenye orodha ya printa, jina la mashine yangu lilikuwa limefifia na pembeni pameandikwa kwamba haipo hewani. Haipo vipi, nami naiona?

Kilichotokea ni kile kipepeso cha umeme. Rauta hugawa namba kwa kila chombo kilichomo nyumbani, namba za mtindo wa 192.168.1.5, kama karani anayegawa namba za foleni hospitali. Umeme ukikatika wote wanapoteza nafasi, ukirudi wanapanga mstari upya, na si lazima kila mmoja apewe namba ile ile. Jana 5 ilikuwa ya printa. Leo huenda 5 ni ya simu ya mume wangu, na printa imepewa 8. Kompyuta haikuambiwa. Inaendelea kupeleka mzigo kwa 5, na 5 hajui hata printa ni kitu gani.

Tiba za haraka ni mbili. Moja ni kuifuta printa kwenye orodha ya kompyuta na kuiongeza upya, ijitambulishe kwa namba yake mpya. Ya pili ni kuingia kwenye mipangilio ya rauta na kuifungia printa namba moja ya kudumu. Mimi nimeongeza ya tatu, ya kizee: nimenunua kebo. Mashine na kompyuta yangu zinakaa meza moja, sioni sababu ya kupeleka ujumbe hewani kwenda mahali ambapo mkono wangu unafika.

Nilipoifungia printa namba yake ya zamani kwenye rauta, jina likakolea. Na mashine ikaanza kuchapa yenyewe, kabla sijaiamuru chochote. Hisabati, Hisabati, Hisabati. Yale mabonyezo yangu 11 yalikuwa yamekaa kwenye foleni mchana kutwa yanasubiri mlango ufunguliwe, na kila moja lilidai karatasi 74. Ni zaidi ya karatasi 800. Nilichomoa waya.

Foleni ndiyo sehemu ya mfereji ambayo watu wengi hawajui kama ipo. Kazi ya kwanza ikikwama, zilizo nyuma yake zote zinasimama, hata kama hazina kosa, kama magari nyuma ya lori lililokufa kwenye kona za Mombo. Kwa hiyo mashine ikinyamaza, usiongeze magari. Fungua foleni kwa kubofya alama ya printa kwenye skrini, kisha ufute kazi zote. Ikikataa kufutika, na hukataa kweli, washa kompyuta upya. Ikikataa hata hapo, kwenye kompyuta za Windows kuna huduma inayoitwa Print Spooler, ndiyo mlinzi wa foleni hiyo. Ukiisimamisha na kuianzisha tena, mara nyingi foleni inalegea. Tazama pia printa ipi imewekwa kuwa ya kawaida. Kuna kompyuta zinazopeleka kila kitu kwenye printa ya mwisho kutumika, na wakati mwingine hiyo si mashine kabisa bali ni ile ya kutengeneza faili la PDF. Jirani yangu alilalamika wiki nzima kwamba printa yake imekufa, kumbe barua zake zote zilikuwa zimepangwa vizuri ndani ya folda moja, hazijaguswa.

Wanaodhani printa iliyokwama ni jambo dogo wakumbuke Richard Stallman. Mnamo 1980 hivi alikuwa mtaalamu kijana kwenye maabara ya chuo cha MIT, Marekani, ambako printa moja ilikuwa inakaa ghorofa nyingine na inakwama kila mara. Ya zamani waliirekebisha programu yake iwajulishe watu karatasi inapokwama. Ilipokuja hii mpya alinyimwa maandishi ya programu yake, akashindwa kuirekebisha. Uchungu ule ni mmoja wa mizizi ya harakati za programu huria alizozitangaza mwaka 1983, na leo programu za namna hiyo zimo ndani ya simu nyingi tunazopakata. Mimi uchungu wangu umezaa makala hii tu.

Kuna kikwazo kingine nikitaje upesi, maana kilinipotezea jioni nzima mwaka uliopita. Ndugu yetu aliyeko Marekani alinitumia fomu niichapishe. Trei imejaa karatasi, mashine inasema haina karatasi. Sababu ni kwamba fomu ilipangwa kwa karatasi ya Kimarekani, milimita 216 kwa 279, na sisi tunatumia A4, milimita 210 kwa 297. Mashine ilikuwa inadai karatasi ambayo sina hakika kama imewahi kupandishwa mlima huu. Kwenye mipangilio ya ukurasa ukichagua A4, kelele zinaisha. Vipimo vya A4 vilisanifishwa Ujerumani mwaka 1922. Wajerumani wenyewe, waliokuwa wakiiita Lushoto Wilhelmstal, walikuwa wamekwisha kung'olewa hapa tangu 1916. Karatasi yao ilirudi bila wao.

Sasa nishuke chini ya mfereji, kwenye jambo lililoanzisha ugomvi wote. Kwa nini karatasi ya 53 ilikwama?

Rimu ile niliinunua mjini wiki mbili nyuma. Niliifungua, nikatia trei nusu, nusu nikaiacha mezani wazi, karibu na dirisha. Mezani pa mahali pakavu pengine pasingekuwa na neno. Lakini Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni mpaka Agosti ukungu unaweza kukaa ndani na wewe kama mgeni. Chumvi inalowa kwenye kopo. Nguo za Jumatatu zinavaliwa Alhamisi. Karatasi nayo inakunywa.

Hesabu yake ni rahisi. Karatasi ya A4 ya kawaida, ya gramu 80 kwa mita ya mraba, ina uzito wa gramu 5, kwa sababu karatasi 16 za A4 ndizo zinazotimiza mita moja ya mraba. Rimu ya karatasi 500 basi ni kilo mbili na nusu. Ikitoka kiwandani, maji ndani yake ni kama asilimia 5, yaani gramu 125. Kikombe kimoja cha kahawa na zaidi kidogo, kimefichwa ndani ya rimu kavu. Iache kwenye hewa nzito ya ukungu, asilimia hiyo inaweza kupanda mpaka 8 au 9. Umeimwagia karibu kikombe kingine kizima bila kuona tone.

Karatasi iliyokunywa hubadilika tabia. Upande uliokuwa wazi hunywa zaidi ya upande uliolala, kwa hiyo inajipinda, na ncha zilizopinda hugonga njiani badala ya kuteleza. Inagandana na mwenzake; rola ikivuta moja zinakuja tatu. Inalegea, rola ya mpira ikiisukuma inajikunja kama pindo la shuka badala ya kusonga mbele. Wino unazifuata nyuzi zake ukatambaa, herufi zikaota ndevu. Mtu anaona haya yote na kusema mashine imechoka.

Jinsi ya kuijua ni hii. Shika karatasi moja kwenye pembe, uitikise karibu na sikio. Kavu inalia, kwakwakwa. Mbichi inanyamaza kama kitambaa. Kipimo hiki sikukisoma popote. Nilikipata kwa kuchukua karatasi moja ya mezani na moja kutoka rimu iliyofungwa, nikazitikisa zote mbili mbele ya mume wangu, ambaye alidhani sasa nimefika.

Cha ajabu, wapiga chapa wa zamani waliotumia mitambo ya mkono walikuwa wakizilowesha karatasi makusudi, ili zilainike na kuupokea wino mzito. Chapa si jambo geni kwenye milima hii. Magila, chini ya Usambara upande wa Muheza, wamisionari wa Kianglikana walikuwa na mtambo wao, na huko ndiko Habari za Wakilindi za Abdallah bin Hemedi, kitabu cha watawala wa Usambara na mji wao Vuga, zilikoanza kutoka mwaka 1895. Vuga yenyewe, hapo jirani na Soni, baadaye ilikuwa na kiwanda cha chapa cha Walutheri. Nikiwaza ukungu wetu na shehena za karatasi zilizopandishwa mpaka Vuga, nawavulia kofia mafundi wale. Mtambo wa mkono uliisamehe karatasi mbichi. Mashine yangu ya plastiki haisamehi.

Rola nazo zina lawama yao. Zikikusanya vumbi la karatasi hupoteza mshiko, zikawa zinateleza juu ya karatasi na kulia bila kuivuta. Zima mashine, futa rola kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholoweshwa kidogo kwa maji safi, ukizizungusha kwa kidole, acha zikauke. Vidonda vingi vya "inakataa kuvuta" vinapona hapo. Na kabla ya kutia karatasi kwenye trei, zipepete kwa kidole gumba ziachane, zigonge mezani zilingane, kisha sogeza vile vidhibiti vya pembeni viziguse bila kuzibana.

Wino ndicho kitu ambacho kila mtu hukishtaki kwanza. Huku kwetu mimi nimekiweka cha mwisho. Kwenye mashine za aina yangu, wino hurushwa kwa matundu madogo kuliko unywele. Wanasimulia kwamba mwaka 1977 mtafiti wa Kijapani, Ichiro Endo wa Canon, aliona chuma cha moto cha kulehemu kikigusa sindano iliyojaa wino, na wino ukaruka nje. Joto lilichemsha kiputo na kiputo kikasukuma tone. Printa nyingi hufanya hivyo hivyo mara maelfu kwa sekunde. Nyingine hutumia kipande kinachojikunja kwa umeme badala ya joto. Vyovyote iwavyo, matundu yakikauka, mistari myeupe inaanza kukatiza maandishi. Mahali pa joto penye feni ndipo wanaposumbuka zaidi na hilo. Sisi ukungu unatutunzia wino huku ukituharibia karatasi.

Lakini lipo kosa moja la wino ambalo tunalifanya sana, nalo ni kuzimia ukutani. Ukiizima printa kwa kitufe chake, kichwa cha wino hurudi kwenye maegesho yake na kufunikwa kwa kizibo cha mpira kisikauke. Ukizimia swichi ya ukutani, au umeme ukikatika katikati ya kazi, kichwa kinabaki njiani mdomo wazi. Kwa hiyo umeme ukirudi, hata kama huna cha kuchapa, iwashe, iache itulie, kisha izime kwa kitufe chake. Nami kila Jumamosi nachapa ukurasa mmoja wenye rangi zote, kwa kawaida picha ya mjukuu.

Mistari ikitokea, kuna amri ya kusafisha kichwa. Itumie mara moja, chapa ukurasa wa kukagua matundu, itumie mara ya pili ikibidi. Baada ya tatu, acha, lala, jaribu kesho. Wino ulioganda wakati mwingine hulainika wenyewe usiku. Kila usafishaji hunyonya wino mzuri na kuutupa kwenye sifongo iliyoko chini ya mashine, na sifongo ikijaa mashine nyingine hugoma kabisa. Nimeona watu wakisafisha mara 15 kwa hasira. Wananunua wino na kuumwagia sifongo.

Wenye printa za leza mambo yao ni mengine kidogo. Hizo hazina wino wa maji. Zina unga, yaani tona, unaoyeyushwa juu ya karatasi kwa rola ya moto wa karibu nyuzi 200. Unga haukauki, na ndiyo sababu mashine za leza zinafaa kwa mtu anayechapa mara chache. Lakini lile joto linakula umeme mwingi kwa mkupuo. Jioni ambapo kila nyumba inapika na umeme umelegea, leza inaweza kuwaka, ikajaribu kupasha, ikajizima. Haijafa, jaribu saa tano usiku. Usiiunganishe kwenye sola ndogo ya nyumbani, itaizimisha pamoja na taa zako. Na ukiipandisha mpya kutoka dukani asubuhi ya baridi hadi kwenye chumba chenye jiko la mkaa, iache saa mbili tatu kabla ya kuiwasha, maana umande hujikusanya ndani yake kama kwenye kioo cha gari.

Fundi naye ana siku zake. Harufu ya kuungua, sauti ya meno ya gia yakisagana, taa isiyowaka kabisa hata kwenye soketi nyingine na waya mwingine: hapo usipande mfereji wowote, ifunge kwenye boksi, wima, umpelekee. Ila kabla hujatoka mlangoni, bonyeza kopi.

Rimu yangu siku hizi naichota karatasi 20 au 30 kwa wakati mmoja, za kazi ya siku hiyo tu. Zilizobaki zinarudi kwenye karatasi yake ya kufungia, na zote zinalala ndani ya debe lenye kifuniko kinachokaza, lile ambalo tangu enzi za mama mkwe wangu tunahifadhia maharage ya mbegu. Sehemu kavu kuliko zote nyumbani kwangu nilikuwa nayo miaka yote, chini ya kitanda.

Mwezi uliopita jirani yangu alikuja kuazima mbegu. Akainama, akafungua debe, akakuta rimu ya karatasi yenye nembo ya tembo imelala juu ya maharage. Akaitoa, akaipima mkononi.

"Mwalimu," akasema, "hii nayo mnapanda masika au vuli?"